Marehemu Aliacha Nini? Namna ya Kuomba Taarifa za Mirathi Halmashauri

Matanga yameanuliwa. Turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimerudishwa, na ndugu waliotoka Usa River wameshapanda gari. Sasa mmebaki watoto na mama, na sanduku la bati la marehemu liko katikati ya sebule. Mnalifungua. Ndani kuna stakabadhi za kodi ya ardhi zilizofifia wino, barua ya toleo iliyokunjwa mara nne hadi imechanika kwenye mikunjo, leseni ya biashara ya zamani, na kijitabu chenye namba ambazo hakuna anayejua ni za nini. Kila mmoja anakumbuka jambo: "Baba aliwahi kusema ana kiwanja Ngaramtoni." "Mimi nilisikia alishakiuza."

Ubishi wa aina hii huvunja familia nyingi hapa Daraja Mbili, Arusha, na mara nyingi jibu lake limelala kwenye jalada la ofisi ya umma. Makala haya yanakueleza namna ya kuliomba jibu hilo kwa utaratibu, hata kama hujawahi kuandika barua ya serikali maishani mwako.

Halmashauri inajua nini, na haijui nini?

Halmashauri haina orodha ya "mali zote za mzee fulani". Taarifa zake zimegawanyika kwa idara. Idara inayoshughulika na ardhi ina majalada ya viwanja: nani aligawiwa, lini, kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, na kama kuna maombi ya kuhamisha umiliki. Upande wa biashara na masoko una leseni pamoja na mikataba ya vibanda na meza. Maendeleo ya Jamii ina kumbukumbu za mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na kama marehemu alikuwa mwalimu, muuguzi au mtendaji, jalada lake la ajira liko kwa Afisa Utumishi.

Halmashauri haijui salio la benki, fedha za kwenye simu, wala kadi ya gari. Hayo utayaulizia benki, kampuni ya simu na TRA. Mafao ya mtumishi wa umma yako PSSSF, mfuko ulioundwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani, na ya sekta binafsi yako NSSF. Wosia unaweza kuwa umehifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa sababu ofisi hiyo hupokea na kutunza wosia. Kufahamu mgawanyo huu kutakuokolea nauli nyingi.

Ni halmashauri ipi?

Swali hili huwachanganya wengi. Mtu anaweza kuishi Daraja Mbili miaka arobaini huku mali zake ziko chini ya halmashauri tatu tofauti. Tuseme baba yako alikuwa na nyumba Daraja Mbili, kibanda Soko la Kilombero, kiwanja Ngaramtoni, na kihamba cha migomba Akheri alikozaliwa.

Nyumba na kibanda viko chini ya Halmashauri ya Jiji la Arusha, na barua yake huandikwa kwa Mkurugenzi wa Jiji. Kiwanja cha Ngaramtoni kiko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ile ambayo wengi tunaiita Arusha Vijijini. Kihamba cha Akheri kiko Halmashauri ya Wilaya ya Meru, yenye makao makuu Usa River. Hizo ni barua tatu, kwa wakurugenzi watatu. Ukipeleka ombi la kihamba Jiji utazungushwa wiki nzima, na karani wala hatakuwa na kosa: hana hilo jalada.

Kuna ofisi ya nne ya kukumbuka. Hati miliki, yaani cheti kamili cha kumiliki ardhi kilichosajiliwa, husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Zamani watu wa Arusha walilazimika kwenda Moshi kwenye ofisi ya kanda. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo hata sisi tunamalizia hapahapa Arusha.

Nianze na karatasi gani?

Anza na cheti cha kifo. Bila hicho, kwenye ofisi yoyote wewe ni mtu anayeulizia mali ya mwenzake. Kama kifo kilitokea hospitali, mfano Mount Meru, mlipewa kibali cha mazishi. Kitunze, maana ndicho kinachoongoza maombi ya cheti. Kama alifia nyumbani, toa taarifa kwa Mtendaji wa Mtaa au wa Kata ili mwandikiwe uthibitisho. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Ukichelewa bado utaandikishwa, ila maswali na viambatisho huongezeka.

Zingatia hili: kifo huandikishwa wilaya kilikotokea. Baba aliyeishi Daraja Mbili lakini akafia hospitali ya KCMC, rekodi yake inaanzia Moshi. Maombi hufanywa kwa Msajili wa Wilaya, ambaye huduma yake hupatikana kwenye ofisi za mkuu wa wilaya, au kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa RITA.

Pamoja na cheti, andaa kitambulisho chako cha taifa, karatasi inayoonyesha uhusiano wenu (cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake, au cheti cha ndoa kwa mjane au mgane), na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako.

Kisha kagua majina. Wazee wetu wa Kimeru na Kiarusha wengi wana majina zaidi ya moja: la ubatizo, la baba, la ukoo, na lile la ujana. Kwenye barua ya toleo ameandikwa hivi, kwenye leseni vile. Kama majina yanapishana, nenda kwa wakili au hakimu ukaape kiapo cha majina, yaani tamko la kisheria kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo mapema, kabla karani hajakurudisha.

Naweza kuomba kabla ya mahakama kumteua msimamizi?

Hapa ndipo penye fundo. Ukienda mahakamani kufungua mirathi, unaulizwa marehemu aliacha mali gani. Ukienda halmashauri kuuliza mali gani, unaulizwa barua ya usimamizi iko wapi. Unabaki katikati kama mpira.

Fundo hili hufunguka ukiligawa ombi mara mbili.

Ombi la kwanza ni la uthibitisho, nalo huja kabla ya mahakama. Unauliza mambo machache: je, kiwanja hiki kipo kwenye kumbukumbu zenu, kimeandikwa kwa jina la nani, na kuna deni au zuio lolote? Huombi nakala ya jalada wala kubadilisha jina. Msingi wa ombi hili ni Ibara ya 18 ya Katiba na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Namba 6 ya 2016, inayompa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Kwa ardhi yenye hati iliyosajiliwa kuna njia fupi zaidi inayoitwa upekuzi: unalipa ada kwa Msajili wa Hati, unataja namba ya hati, unapewa majibu ya nani amesajiliwa na kama kuna mkopo au zuio juu yake. Daftari hilo liko wazi kwa umma, hivyo huhitaji kuwa msimamizi.

Ombi la pili ni la nakala na utekelezaji, nalo huja baada ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo ikishamteua msimamizi humpa Fomu Namba IV, ambayo ndiyo barua ya usimamizi. Mwenye fomu hiyo anasimama mahali pa marehemu. Sasa anaweza kuomba nakala za jalada, mkataba wa kibanda, taarifa za mkopo na mafao.

Usimkasirikie ofisa anayekunyima jalada zima kabla ya Fomu IV. Sheria hiyohiyo ya 2016 inalinda faragha ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza ukali. Fikiria kama angempa jalada kila anayejiita mtoto wa marehemu. Hata hivyo, mahakamani unaweza kumweleza hakimu kwamba mali fulani ina jalada halmashauri na hujapewa, ukaomba mahakama iiandikie ofisi hiyo. Barua ya mahakama hufungua makabati.

Barua iandikweje?

Ofisi hutafuta kwa namba. Barua inayosema "naomba taarifa za mali za marehemu baba yangu" itakaa mezani, kwa sababu hakuna kabati lenye kibandiko cha "baba yangu". Barua yenye namba ya kiwanja na kitalu inajibika. Kitalu ni fungu la viwanja lililopewa herufi au jina kwenye ramani. Namba hizi zitafute kwenye barua ya toleo, stakabadhi za kodi ya ardhi, kibali cha ujenzi, au mkataba wa mauziano. Ukikosa zote, chora ramani ndogo: barabara, majirani wa pande nne, na alama inayojulikana kama kanisa au kisima.

Tahadhari moja kuhusu LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme, na wapo wanaodhani risiti ya LUKU inathibitisha umiliki. Inathibitisha kwamba mtu alinunua umeme, na huenda ni mpangaji.

Mfano wa barua ya ombi la kwanza:

*Mkurugenzi wa Jiji,*
*Halmashauri ya Jiji la Arusha,*
*ARUSHA.*

*Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata, Kata ya Daraja Mbili.*

*YAH: OMBI LA TAARIFA ZA KIWANJA NA KIBANDA CHA MAREHEMU (jina kamili)*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtoto wa marehemu aliyetajwa, aliyefariki tarehe (…). Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kufahamishwa yafuatayo:*

*1. Kiwanja Na. (…) Kitalu (…), Daraja Mbili, kimeandikwa kwa jina la nani kwenye kumbukumbu zenu hadi leo.*
*2. Kama kuna deni la kodi ya pango la ardhi, na ni la miaka ipi.*
*3. Kama kuna zuio, mgogoro au ombi la kuhamisha umiliki lililopokelewa, na tarehe yake.*
*4. Kibanda Na. (…) Soko la Kilombero kina mkataba kwa jina la nani na unaisha lini.*

*Taarifa hizi zinahitajika kwa ajili ya kufungua shauri la mirathi. Naambatisha nakala ya cheti cha kifo, kitambulisho changu, cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa.*

*Wako mtiifu,*
*(Jina, sahihi, anwani, namba ya simu)*

Angalia swali la tatu. Wengi hulisahau, na ndilo linalofichua kama kuna ndugu au dalali aliyewahi kupeleka karatasi za kuhamisha kiwanja wakati bado mko msibani.

Kama hujui kusoma na kuandika, au una ulemavu unaokuzuia, unaweza kutoa ombi kwa mdomo na ofisa akaliandika kwa niaba yako. Hilo limo ndani ya sheria.

Naipeleka wapi, na nasubiri siku ngapi?

Chapa nakala mbili. Pitia kwa Mtendaji wa Kata agonge muhuri, kisha nenda masjala ya halmashauri, yaani chumba kinachopokea na kuandikisha barua zote. Moja inabaki kwao. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Wale wanaomkabidhi "kijana mmoja anayefanya kazi pale" barua kupitia dirisha la gari ndio wanaolia miezi sita baadaye kwamba barua imepotea. Barua isiyo na muhuri haikupotea, maana haikuwahi kufika.

Kuanzia tarehe ya muhuri, ofisi ina siku 30 za kukujibu. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya kumi na tano pita masjala uulize barua imepelekwa idara gani, upewe namba ya kumbukumbu. Ukiwa na namba hiyo, hata aliyekupokea akihamishwa kituo, jalada lako linafuatika.

Itanigharimu kiasi gani?

Sheria inaruhusu ofisi kutoza ada ya gharama za kutoa taarifa, na ada za halmashauri zimeandikwa kwenye sheria ndogo zake. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: "Ada hii ni ya nini, na imeandikwa wapi?" Malipo halali ya serikali yana namba ya malipo yenye tarakimu 12, ile tunayoiita kontroo namba. Unaipokea kwenye karatasi au ujumbe, unalipa benki au kwa simu, na jina la taasisi linaonekana kabla hujathibitisha. Fedha ya mkononi isiyo na namba wala risiti si ada, hata ikiitwa "ya soda". Ukiombwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Gharama nyingine zipange mwenyewe: fotokopi, picha ndogo, kiapo kama majina yanapishana, ada ya cheti cha kifo, ada ya upekuzi, na nauli za vifodi kwenda Usa River na Ngaramtoni. Andika kila shilingi kwenye daftari na utunze risiti. Gharama za lazima za kufuatilia mirathi hurudishwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla ya kugawana, mradi msimamizi azionyeshe mahakamani.

Mtu asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa ambao si mawakili lakini wanaweza kukuelekeza na kukusaidia kuandika barua bila malipo. Muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri akuonyeshe waliosajiliwa karibu nawe.

Na kihamba cha mlimani?

Ardhi ya kijiji ina njia yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na anayetunza kumbukumbu ni Afisa Mtendaji wa Kijiji. Andika barua kwake, nakala kwa Mkurugenzi wa Wilaya. Uliza mambo matatu: kama kihamba kimeandikwa kwenye daftari la ardhi la kijiji, kama kimewahi kutolewa hati ya hakimiliki ya kimila (cheti cha kumiliki ardhi kwa mila kinachotambuliwa na serikali), na kama kuna muhtasari wowote wa kikao uliokitaja.

Usishangae ukiambiwa hakuna karatasi. Vihamba vingi vya Meru vimeshuka kutoka kwa babu bila hata mstari mmoja wa maandishi, na mpaka wake ni masale, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa kwa mstari na kuheshimiwa kuliko ukuta. Hapo taarifa iko kwa majirani wazee. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, mwite jirani wa kila upande, mtembee masale kwa masale, mpige picha, kisha muandike mlichokubaliana na kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo itasikilizwa mahakamani.

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa thamani ya kudai ardhi kwa maandishi. Walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki 1951 ili kupisha walowezi, waliandika hoja zao, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akazifikisha Umoja wa Mataifa, New York. Wewe unaombwa kufika Usa River tu.

Mimi ni mjane, au ni binti. Ninaruhusiwa kuuliza?

Ndiyo. Sheria ya kupata taarifa inataka uwe raia. Haiulizi kama wewe ni mwanamume. Ukiambiwa na ukoo kwamba "mambo ya kihamba ni ya wanaume", kumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Na mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki nayo sawa na mwanamume. Kuuliza taarifa si kumvunjia mtu heshima. Mama anayeuliza leo anawaepusha wanawe na ugomvi wa kesho.

Wakikataa, au wakinyamaza?

Omba sababu kwa maandishi. Kisha, ndani ya siku 30 tangu upate uamuzi, mwandikie mkuu wa taasisi, yaani Mkurugenzi mwenyewe, ukimtaka aupitie upya. Naye ana siku 30 za kuamua. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana na sheria hiyo. Ambatisha ile nakala yenye muhuri kila hatua.

Kama jibu linaonyesha kuna mtu anajaribu kuuza au kuhamisha ardhi yenye hati, usingoje barua. Nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio, yaani tangazo rasmi kwenye daftari kwamba unadai haki juu ya ardhi hiyo. Likishawekwa, mnunuzi atakayefanya upekuzi ataliona.

Mgogoro wa mpaka unaweza kuanzia Baraza la Kata, lakini fahamu kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha tu. Suluhu ikishindikana, mwenye kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Taarifa nimepata. Kinachofuata ni nini?

Ibebe mahakamani. Mirathi ya marehemu aliyeishi kwa kufuata mila au Uislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Ya aliyeishi nje ya desturi hizo, kama Wakristo wengi, huenda mahakama za juu yake, kulingana na thamani ya mali. Muulize karani kabla ya kulipa ada, kwa kuwa shauri lililofunguliwa mahakama isiyo na mamlaka linaweza kufutwa hata baada ya miaka, mkaanza upya.

Msimamizi akishateuliwa, saa inaanza kuhesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne kuwasilisha Fomu Namba V, orodha kamili ya mali na madeni, na baadaye Fomu Namba VI ya hesabu. Katika mahakama za juu ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Majibu ya halmashauri ndiyo yanayoijaza Fomu V kwa ukweli. Deni la kodi ya ardhi na mkopo wa kikundi navyo viandikwe, kwa sababu warithi hugawana kinachobaki baada ya madeni.

Kuhusu kile kibanda cha Kilombero, soma mkataba vizuri. Kibanda cha sokoni ni mali ya halmashauri. Marehemu alikuwa mpangaji. Familia inaweza kuomba kuendelea nacho, lakini anayeamua ni mwenye soko na masharti ya mkataba. Bidhaa zilizokuwemo na fedha za mauzo, hizo ni mirathi.

Na msimamizi akumbuke kwamba Fomu IV imempa kazi, haijampa mali. Ndugu yeyote anaweza kwenda mahakamani kuomba kuona orodha aliyoiwasilisha.

Kesho asubuhi anzia kwa Mtendaji wa Mtaa, kabla foleni haijawa ndefu. Beba cheti cha kifo, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au cha ndoa, na karatasi moja yenye namba ya kiwanja. Jioni usirudi nyumbani bila muhuri wa masjala kwenye nakala yako.